Kabla Nyumba Haijafunikwa

Erlend alikamatwa akitoka zizini, ndoo ya maziwa mkononi. Wenzake walimvua shati, wakammwagia molasi ya kulishia ng'ombe, wakamnyunyizia unga, wakampasulia mto wa manyoya kichwani. Kisha wakampandisha kwenye tela la trekta na kumzungusha kisiwa kizima huku wakipiga mapipa, na mwisho wakamfunga kwenye nguzo ya gati ili abiria wa meli ya mchana wapate cha kucheka. Kwetu Kolbinsay ndivyo anavyofanyiwa mtu anayekaribia kuoa au kuolewa. Nimezurura bandari nyingi maishani, nimeona mahali ambapo maharusi husingwa kwa liwa hadi mtaa mzima unanukia, na kwa macho yangu jambo ni lile lile. Unapakwa, watu wanapiga kelele, unajua kwamba una watu.

Alibaki bibi harusi.

Jina lake Morwenna, mtu wa Cornwall, kule kusini kabisa mwa Uingereza ambako wanadhani sisi wa visiwa vya kaskazini tunalala na dubu. Alikuja mara ya kwanza kiangazi kimoja baada ya dhoruba kuula ufukwe wa shamba la Nouster na kuacha kuta za mawe zikichungulia mchangani. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe, lakini huyu alikuja na lake, pamoja na miiko, brashi na machekeche. Akapiga hema, akaanza kuifukua nyumba ambayo wenyewe waliihama enzi ambazo visu vilikuwa vya mawe. Akarudi kiangazi kilichofuata, na kingine. Hatimaye akawa anarudi kwa sababu ya nyumba na kwa sababu ya Erlend, mtoto wa mwenye shamba.

Mimi kazi yangu pale ilikuwa toroli. Yeye anachota, mimi nasukuma, tunachekecha, namwaga. Nimeshakuwa baharia, nimeshakuwa mpishi wa meli, na shule niliipata kwa vipande vipande, mwaka huu hapa, mwaka ule kwingine, lakini sijapata kazi niliyoipenda kama ile. Unakaa ndani ya chumba cha watu waliokufa zamani sana na hakuna hata kinachotisha. Vitanda vyao vya mawe viko kandokando ya ukuta, rafu yao ya mawe inatazama mlango, na jiko liko katikati, pale pale ambapo mimi pia ningeliweka. Mlango ni mfupi, hata mwenye kiburi aliingia ameinama. Siku moja Morwenna alinipa sindano ya mfupa niishike kiganjani, nikamwambia mwenye sindano hii aliitafuta mpaka akagombana na mumewe. Alicheka hadi akakaa chini.

Siku zile za kabla ya harusi hakucheka.

"Mzee Davick," aliniita, amepiga magoti, macho kwenye mwiko wake. "Hivi Inga alipakwa lini?"

Inga ndiye mwenye duka letu, na ndiye shoga yake Morwenna tangu alipofika.

"Mwaka jana," nikasema.

"Mwaka jana najua, nilikuwepo. Nauliza, harusi ilikuwa imebakiza muda gani?"

"Aa, mimi na tarehe wapi na wapi. Si umwulize mwenyewe?"

"Siwezi kumwuliza Inga."

"Kwani mmegombana?"

"Hatujagombana. Sasa nitamwulizaje? Mtu anaomba kupakwa?"

Nikajifanya nakaza gurudumu la toroli.

Kwa maana mimi nilijua. Kisiwa kizima kilijua isipokuwa yeye. Molasi yake ilikuwa imeshapatikana, iko stoo kwa Inga, pamoja na manyoya ya mabata wa majirani. Tulikuwa tumekutana dukani kupanga, na Bi Tomima, mama yake Erlend, ndiye aliyepitisha neno. Bi Tomima wa Nouster hana sauti kubwa, ila akizungumza hata mbwa hukaa.

"Huyu mtoto msimguse mpaka nyumba yake ifunikwe," alisema. "Molasi mnaijua inavyokaa. Nywele hazifunguki, macho yanawasha, kila anachoshika kinanata. Mkimpaka sasa, ile kazi ataimaliza nani, bahari? Afunike kwanza, aweke matairi yake juu, halafu mpakeni mpaka mama yake mzazi amkane."

Watu wakaona ni haki. Kila mwisho wa msimu nyumba ile hufunikwa kwa nailoni, mifuko ya mchanga na matairi mabovu, ili mawimbi ya majira ya baridi yasiinyakue. Mwaka huu siku ya kufunika ilikuwa mapema, na baada yake nafasi ya kumpaka ilikuwa tele. Kila mmoja akaapa kunyamaza, Erlend naye akiapishwa na mama yake, maana kwetu mtu asiyeshtukizwa hakupakwa. Amechafuliwa tu.

Sasa tazama mambo yanavyojifunga yenyewe. Morwenna anangoja watu. Watu wanangoja afunike. Naye kwa kuwa hakuna aliyemjia, akaona hakuna kinachomwita nje ya shimo, akazidi kuchimba. Siku ya kufunika ilipofika alikuwa amekuta jiko la pili chini ya lile la kwanza, la kale zaidi, majivu yake bado yana rangi nyekundu. "Siwezi kufunika sasa," akaniambia. "Kidogo tu, mzee." Kidogo ikazaa kidogo nyingine, na harusi ikawa inakuja mbio.

Dukani Inga alinishika mkono wa shati.

"Wewe mzee, huyo anachimba kwenda wapi? Atatokea upande wa pili wa dunia."

"Amekuta jiko jingine."

"Akute na la gesi basi, atosheke. Manyoya yananipigisha chafya mie. Jana nimemwuzia mtu mkate una unyoya, ananiuliza kama ni wa kuku."

"Si uende ukamwambie afunike?"

"Mimi? Mimi nikimtazama tu nacheka. Siku hizi akiingia hapa nageukia ukuta, najitia napanga makopo."

Pale ndipo nilipoliona jambo kwa upande wa Morwenna. Shoga yake anamgeuzia mgongo. Vijana wa matrekta wakimwona wanakata kona. Akiingia mahali, mazungumzo yanakatika, na watu wanaanza kusifia hali ya hewa, ambayo kwetu haijawahi kusifiwa. Sisi tulidhani tunatunza siri.

Siku iliyofuata palikuwa na manyunyu. Tulijibanza penye ukuta mrefu wa ile nyumba, ambao bado unakinga upepo kama ulivyojengewa, tukamimina chai, tukala mkate wa shayiri na jibini. Morwenna aliumega wake asiupeleke mdomoni.

"Nimepata kazi," alisema. "Makumbusho, huko kwetu. Wanataka jibu kesho."

"Na Erlend?"

"Erlend alishaniambia zamani, niendako ndiko aendako. Ng'ombe atamwachia binamu yake."

"Umemwambia?"

"Bado. Nitamwambia usiku wa leo."

"Nilidhani unapapenda hapa."

"Napapenda mno. Ndiyo tabu yenyewe." Akautazama ule mkate. "Mzee Davick, hakuna aliyenikosea. Wananisalimia vizuri. Bi Tomima ananiletea mayai kila asubuhi, ameyafunga kwenye kitambaa. Lakini anayesalimiwa vizuri si ni mgeni? Erlend walimvua shati wakamburuta. Mimi wananiletea mayai."

Neno lilinifika kwenye meno. Nikalitafuna pamoja na jibini. Ningemwambia, ningempa habari na kumnyima kitu chenyewe. Nisingemwambia, kesho angewajibu watu wa kusini, na kabla ya majira ya baridi Nouster ingebaki na mama mmoja na mbwa. Nikamwambia tumbo linanikata, nikaupanda mlima hadi nyumbani Nouster.

Bi Tomima alikuwa jikoni, mkate juu ya bamba la chuma.

"Harufu imekuleta," akasema bila kugeuka.

"Nimeletwa na mkweo."

Nikamweleza yote, makumbusho, jibu la kesho, ng'ombe na binamu. Nilipofika kwenye mayai mkate ulianza kuungua, naye hakuugeuza. Tangu nimjue sijawahi kumwona akiunguza mkate.

"Mayai ni yangu," akasema.

"Najua."

"Mayai mazuri yale."

"Bi Tomima, hakuna anayeyalaumu mayai."

Akakaa. "Mimi nilimwonea huruma na kazi yake. Naona anavyoitazama ile nyumba, kama mimi ninavyomtazama ndama aliyekuja kwa shida. Nikasema tusimwingilie. Sasa kosa liko wapi?"

"Kosa hakuna. Ila yeye hajui."

"Angeuliza."

"Wewe ungemwuliza mama mkwe wako kwa nini hajakumwagia molasi?"

Alilifikiria hilo kwa haki. "Mama mkwe wangu? Yule nisingemwuliza hata saa."

"Basi tumwambie."

"Hatumwambii." Akauchukua ule mkate mweusi, akaurusha kwa mbwa, mbwa akaunusa na kuuacha. "Ukimwambia imekufa. Hilo sitalibadilisha, hata ungelia hapa, Davick. Lakini sikusema hatuwezi kumsaidia kufunika." Akavua aproni, akaenda penye simu. Akapiga mbili tatu hivi. Kisiwa chetu hakihitaji nyingi.

Nilirudi shimoni nikamkuta Morwenna amelala kifudifudi, anasugua majivu kwa brashi. Hatukukaa sana tukasikia injini. Akainua kichwa.

"Ni nini?"

"Matrekta."

"Naona ni matrekta, mzee."

Yalishuka mlima kwa msururu, matela yamejaa mifuko ya mchanga na matairi, watu wamekaa juu na makoleo. Mbele alitembea Bi Tomima, mabuti hadi magotini, kitambaa cha kichwa kimefungwa chini ya kidevu. Hakuna aliyecheka. Inga alikuwa amejiuma mdomo hadi uso mzima umekunjamana, ungedhani amekuja kudai haki ya marehemu.

Morwenna alisimama. Uso ulikuwa umempauka.

"Wamekuja kunitoa," akasema taratibu. "Wameshindwa hata kungoja harusi ipite."

Nikatazama mabuti yangu.

Bi Tomima alisimama ukingoni. Hakutia mguu ndani. Hakuna mtu wa kwetu aingiaye nyumba ile bila kukaribishwa.

"Morwenna. Tumekuja kuifunika nyumba."

"Sijamaliza, mama."

"Umebakiza nini?"

"Kulichora hili jiko la chini. Na vipimo."

"Haya, chora. Tutasubiri."

Na wakasubiri. Walikaa majanini, migongo kwenye magurudumu ya matrekta, upepo ukiwapiga, na hakuna aliyetazama saa. Mimi nilishika utepe wa kupimia, yeye akachora. Mstari ulikwenda sawa. Tone lilimdondoka kwenye karatasi, akalifuta kwa ukingo wa mkono wa sweta kama mtu anayefuta mvua. Kule juu watu, kwa kuchoka kunyamaza, wakaanza kuuliza.

"Hicho kitanda kikubwa ni cha nani?"

"Hatujui," akajibu bila kuinua kichwa. "Kila mtu ana dhana yake."

"Cha mama mkwe," akasema mmoja, Bi Tomima akamgeukia.

"Na hivyo visanduku vya mawe sakafuni?"

"Vya kulowekea koa wa miambani, wawe chambo cha samaki. Labda."

"Walikula nini?"

"Shayiri. Samaki. Ng'ombe, kondoo."

"Kama sisi tu," akasema Inga kwa sauti iliyobanwa. "Bila bili ya umeme."

Niliona bega la Morwenna likishuka kidogo. Alianza kujibu kwa maneno mengi zaidi. Akawaeleza kwamba jiko la chini lilipofunikwa, wenyewe waliliweka la juu mahali pale pale, hawakusogeza hata kiganja. Akawaonyesha jiwe la kizingiti lilivyolika katikati kwa nyayo. Watu wakasogea ukingoni, wakatazama. Kisha akakunja karatasi yake, na uso ukarudi kuwa wa mtu anayefukuzwa.

Tukafunika. Kwanza mchanga laini ndani ya jiko, aliouweka Morwenna kwa mikono yake. Kisha nailoni. Halafu mifuko, ikipita mkono kwa mkono kutoka kwenye matela, na aliyeulaza mfuko wa kwanza mlangoni alikuwa Bi Tomima mwenyewe, amepiga magoti, mara tu Morwenna alipomwashiria kwamba aingie. Erlend alikuja kutoka baharini, mitego yake ya kambakoche ameiacha mashuani, akaungana na mstari upande wa mbali bila kusema neno. Morwenna alimtazama mara moja. Yeye akatazama mfuko. Maskini kijana, hajawahi kuwa mwongo hodari.

Matairi yalipopangwa yote, Bi Tomima alizunguka ukingo mzima, akabonyeza hapa na pale kwa mguu.

"Imefungwa?"

"Imefungwa," akasema Morwenna.

"Vifaa vyako viko nje?"

"Viko hemani."

"Michoro?"

"Iko kwenye sanduku. Mikavu."

"Huna kitu chochote cha maana mkononi, mfukoni?"

"Sina." Akaitazama mikono yake, mitupu, imejaa vumbi jekundu. "Asanteni wote. Kazi hii ningeifanya peke yangu kwa siku nyingi. Kuna jambo nilitaka kusema, bora niliseme mkiwa wote hapa—"

"Baadaye, mwanangu." Bi Tomima akavua glavu, moja, kisha ya pili, akazitia mfukoni. "Inga."

Inga alifunua turubai la tela la mwisho, na kicheko alichokuwa amekifungia kilimtoka chote kwa pamoja, kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Vijana wakaliinamisha pipa.

Morwenna hakuelewa hata molasi ilipomfika sikioni. Nilikuwa karibu, niliuona uso wake. Kwanza uliogopa. Kisha macho yakapita kwa watu, mmoja baada ya mwingine, yakitafuta, hadi kwa Bi Tomima aliyekuwa ameshika ndoo yake mwenyewe na anangoja zamu. Hapo akainyoosha mikono pande zote mbili, kama mtu anayepimwa nguo, akafumba macho, akasimama wima. Unga ukaja. Manyoya yakaja, nusu yake yakachukuliwa na upepo kwenda kwa kondoo. Alikuwa analia au anacheka, huwezi kumjua mtu aliyepakwa. Nadhani alikuwa anafanya yote.

Walimzungusha kisiwa kizima. Mapipa yalipigwa mpaka moja likatoboka. Gatini walimfunga kwenye nguzo, na kwa kuwa meli ilikuwa imeshapita, watu walijigeuza abiria, wakapita mbele yake na mabegi ya uongo wakimuuliza njia ya hotelini. Kisiwani hatuna hoteli. Aliwajibu kila mmoja vibaya kuliko mwenzake, na alipomtukana Inga kwa neno alilojifunza kwa wavuvi wetu, watu walimshangilia.

Jioni mimi nilibeba maji ya moto kutoka jikoni Nouster hadi zizini, maana mtu wa molasi haogeshwi ndani ya nyumba. Bi Tomima alikuwa amemkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, amempaka siagi kichwani, anaichana polepole kwa kitana cha farasi. Ng'ombe walitazama.

"Tulia. Una nywele nyingi kuliko akili."

"Nilidhani hamnitaki," akasema Morwenna.

"Nimeambiwa." Akanitupia jicho. "Kuna watu wakiumwa tumbo, mdomo ndio unaoharisha."

Nikamwaga maji.

"Nilikuwa nakungojea umalize," Bi Tomima akaendelea. "Mimi si mtu wa kusema sema. Nikimpenda mtu namwacha afanye kazi yake."

"Mimi nilidhani ukimpenda mtu unammwagia molasi."

"Hiyo baadaye."

Kitana kilikwama, kikapita.

"Kesho kuna watu wanangoja jibu langu," akasema Morwenna. "Kusini."

Mkono wa Bi Tomima ulisimama hewani. Habari alikuwa nayo tangu mchana, lakini kuisikia kutoka kwangu ni jambo moja, kuisikia kutoka kwa mwenyewe ni jingine. Nimemwona mama yule akimtoa fahali shimoni kwa kamba. Woga niliuona kwake siku ile tu.

"Kazi nzuri?"

"Nzuri sana."

"Utawaambiaje?"

"Nitawaambia asante, wamtafute mwingine." Morwenna akajifuta jicho kwa kifundo cha mkono, akajipaka unga upya. "Nimebonyeza chini ya lile jiko la pili kabla hatujafunika. Panadidimia. Chini yake kuna la tatu, naapa."

Kitana kikaanza kwenda tena, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"La tatu," akasema Bi Tomima. "Nilijua namwozesha mwanangu kwa sungura mchimba mashimo. Davick, umesimama nini hapo? Maji yamepoa."

Nikachukua ndoo nikatoka. Huko nyuma niliwasikia wanabishana juu ya siagi, mmoja anasema inatosha, mwingine anasema bado.